Picha Ndani ya Fremu: Sura ya Historia ya Uchapaji katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Walioandika historia ya uchapaji wa Afrika Mashariki wamejishughulisha zaidi na maneno kuliko kurasa zenyewe: nani alianzisha gazeti gani, lini lilipigwa marufuku, na lugha gani iliandikwa kwa tahajia ya nani. Jambo jingine limeachwa pembeni, nalo ni namna picha ilivyoingizwa katika nafasi iliyotengewa ukurasani, kwa kupunguzwa, kukatwa kingo, au kupewa umbo la yai, duara au moyo. Kazi hiyo, ambayo leo hufanywa kwa kipanya mbele ya kompyuta, ina historia ndefu katika Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, na historia hiyo yaonyesha kwamba kompyuta haikuleta maumbo mapya. Ilichokibadilisha ni mambo mawili: ilifanya mkato wa picha uweze kutenguliwa, na ikampa kila mtu uwezo wa kuivuta sura ya binadamu upande mmoja bila kuugusa upande wa pili, jambo ambalo risasi, zinki na lenzi za zamani hazikuliruhusu.

Uchapaji wa Nyeri hauwezi kutenganishwa na Wamisionari wa Consolata, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Turin, Italia, ambalo watu wake wa kwanza walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwezi Juni mwaka 1902, wakapokelewa na chifu Karuri wa Gakure. Miaka michache baadaye walikuwa wamejenga misheni kubwa Mathari, karibu na kituo cha serikali ya kikoloni cha Nyeri, na mwaka 1909 eneo lao likafanywa Vikarieti ya Kitume chini ya Filippo Perlo, mtu ambaye pamoja na kuwa msimamizi mkali alikuwa pia mpiga picha mwenye bidii. Mwaka 1916 wamisionari hao walianza kutoa gazeti la Kikuyu liitwalo Wathiomo Mukinyu, yaani rafiki wa kweli, ambalo ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa katika lugha za Kenya. Mwaka 1933 kikatoka kitabu cha Padre C. Cagnolo kuhusu mila na desturi za Wakikuyu, The Akikuyu, kilichojaa picha, na ukurasa wake wa jina ulitangaza kwamba kilikuwa kimepigwa chapa na Wakikuyu wenyewe katika shule ya uchapaji ya misheni hapo Nyeri. Tangazo hilo lina uzito wake, kwa kuwa laeleza kwamba vijana waliopangia dunia ya nje picha za wazee wao walikuwa watoto wa wazee hao hao, ingawa aliyechagua picha na kuandika maelezo yake alikuwa padre.

Ili kufahamu vijana hao walijifunza nini, ni lazima kueleza ukurasa wa wakati huo ulivyoundwa. Katika uchapaji wa herufi za risasi, ukurasa ulikuwa kitu kizito kinachobebwa kwa mikono miwili. Herufi zilipangwa moja moja katika mistari, mistari ikafungwa ndani ya fremu ya chuma iitwayo chesi, na nafasi zote tupu zikajazwa vipande vya mbao au vya risasi vilivyo vifupi kuliko herufi ili visiguswe na wino, kisha yote yakakazwa kwa kabari mpaka ukurasa ukaweza kuinuliwa bila herufi hata moja kudondoka. Picha iliingia katika mpango huo kwa sura ya bloku, yaani bati la zinki au la shaba lililochongwa kwa asidi na kupigiliwa juu ya kipande cha mbao, hadi kimo cha vyote viwili kikalingana na kimo cha herufi, ambacho katika viwanda vya Uingereza na Marekani kilikuwa inchi 0.918, karibu milimita 23.3. Bloku iliyozidi kimo kwa unene wa karatasi ilitoboa ukurasa, na iliyopungua iliacha sura ya mtu ikiwa na mabaka meupe, kwa hiyo fundi aliweka vipande vya karatasi chini ya mbao, kimoja baada ya kingine, akipiga chapa ya majaribio kila mara.

Picha ya kamera ina vivuli vya kijivu visivyohesabika, ilhali mtambo wa chapa hujua mambo mawili tu, wino au karatasi tupu. Utatuzi wake, ambao hataza yake muhimu ilichukuliwa na Georg Meisenbach wa Ujerumani mwaka 1882, ulikuwa kuipiga tena picha kupitia kioo chenye mistari myembamba inayokatana, ili kijivu chote kigeuke kuwa vidoti vikubwa na vidogo ambavyo jicho huvichanganya likaona kivuli. Kwenye karatasi duni ya gazeti ilitumika mistari 65 hadi 85 kwa inchi, na kwenye karatasi laini ya kitabu mistari 120 au zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya shanga za mwanamke katika kitabu zihesabike, na katika gazeti zionekane kama utepe mmoja. Bloku ya namna hii haikuweza kupunguzwa wala kukuzwa baada ya kuchongwa. Ukubwa wake, kingo zake na umbo lake viliamuliwa kabla, na kosa lililofanyika hapo lilisahihishwa kwa njia moja tu, yaani kulipia bloku nyingine.

Ndiyo maana uamuzi wa kukata ulifanywa kwa karatasi na kalamu. Mpangaji alichukua vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa kama pembe ya seremala, akavilaza juu ya picha kwa kukabiliana, akavisogeza ndani na nje hadi akapata dirisha alilolitaka, kisha akaweka alama kwenye ukingo mweupe wa picha au nyuma yake. Kipimo cha mwisho kilipatikana kwa mstari wa mshazari, yaani mstari uliochorwa kutoka pembe moja ya dirisha hadi pembe ya pili iliyo mkabala nayo, kwa sababu kila mstatili ambao pembe yake inaangukia juu ya mstari huo una uwiano ule ule wa upana na kimo. Picha yenye upana wa inchi 6 na kimo cha inchi 8, ikiingizwa katika safu ya gazeti yenye upana wa inchi 3, hupata kimo cha inchi 4, wala hakuna ujanja wa kuibadilisha hesabu hiyo. Kama mhariri ameacha nafasi ya inchi 3 kwa 3, basi inchi 2 za picha ya awali ni lazima ziondoke, na swali linalobaki ni kama zitaondoka juu, kwenye anga na kilele cha nyumba, au chini, kwenye miguu ya watu.

Umbo la yai lilipendwa mno katika uchapaji wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, hasa kwa sura za maaskofu, wafadhili na marehemu, na lilipendwa kwa sababu ya asili yake katika fremu za mbao na vidani vya fedha vilivyobeba sura za wapendwa. Hata hivyo lina gharama inayopimika. Yai au duara linalogusa pande zote nne za mstatili hubakiza takriban asilimia 78.5 ya eneo la mstatili huo, na asilimia 21.5 hupotea katika pembe nne. Katika picha ya mtu mmoja aliyeketi studio, pembe hizo hubeba pazia na sakafu tu, lakini katika picha ya kundi, ambako padre au chifu huketi katikati na makatekista na wanafunzi husimama kwa mistari pembeni, pembe ndizo zilizobeba watu wa daraja la chini. Yai halikuwa na nia mbaya, lakini lilitii mpango wa viti, na mpango wa viti ulikuwa umekwisha kumpa kila mtu cheo chake.

Jambo linalosahaulika leo ni kwamba yai la enzi ya risasi lilikaa ndani ya mstatili mweupe. Bloku ilichongwa umbo la yai, lakini kufanya maneno yafuate mzingo wake kulihitaji kila mstari wa herufi upangwe kwa upana wake wa pekee, mmoja mfupi, unaofuata mrefu kidogo, kwa mkono, na hakuna msimamizi wa kiwanda aliyeruhusu saa hizo zipotee ila kwa kitabu cha anasa. Waliofaulu kuepuka mstatili kwa urahisi walikuwa wachoraji. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, aliyehamia Nyeri mwaka 1938 na kufariki huko Januari 1941, alitoa kutoka nyumba yake iliyo katika uwanja wa hoteli ya Outspan vitabu kama Birds and Beasts in Africa vya michoro yake mwenyewe, na mchoro wa kalamu hauhitaji vidoti wala kingo: mnyama huishia pale wino unapoishia, na karatasi iliyobaki ni mbuga yake.

Nje ya viwanda vya misheni, watu wa kawaida walikutana na fremu zenye umbo katika studio za picha. Studio za miji ya Kenya, nyingi zikiwa za Wahindi na Wagoa katika miongo ya mwanzo na za Waafrika baadaye, zilitumia mbinu iliyokuwa rahisi kuliko ya chapa: karatasi nyeusi iliyotobolewa umbo la moyo, yai au duara iliwekwa juu ya karatasi ya picha katika chumba cha giza, mwanga ukapita kwenye tundu tu, na pande zote nyingine zikabaki nyeupe. Bwana na bibi harusi wakatokea ndani ya moyo mmoja, na mtoto wa kipaimara ndani ya duara. Kwa ustadi wa aina hii pwani ilitangulia, na jina linalotajwa zaidi ni la Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye katika studio yake alikata sura za wateja kwa mkasi na kuzipandikiza ndani ya maua na vitu vingine, akazipiga picha upya hadi mshono ukapotea. Studio za mlimani hazikufika huko, lakini moyo na yai vilitosha kuunda desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyozisubiri kompyuta zilipofika.

Kabla ya kufika huko, ipo picha moja ya Nyeri ambayo yastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu yaonyesha kuwa kukata kingo si suala la nafasi pekee. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alijeruhiwa na kukamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua katika wilaya ya Nyeri, na kabla ya kushtakiwa katika mahakama ya Nyeri na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, alipigwa picha akiwa amelazwa, mikono ikiwa na pingu. Serikali ya kikoloni iliisambaza picha hiyo kama ushahidi, na kwa makusudi yake upana wa picha ulikuwa ndio ujumbe: mtu amelala chini, amefungwa pingu. Miongo iliyofuata, magazeti, vitabu, mabango na fulana vilichukua sehemu ya juu tu, kichwa chenye nywele ndefu zilizosokotana na macho yanayomtazama mpiga picha bila kuyakwepa. Pingu zilipotoka nje ya fremu, mfungwa aligeuka shujaa, bila hata kidoti kimoja cha picha kuongezwa. Sanamu iliyozinduliwa katika barabara ya Kimathi, Nairobi, tarehe 18 Februari 2007, ambayo inamwonyesha amesimama na bunduki mkononi, ilikamilisha kazi ambayo wapangaji wa kurasa walikuwa wameianza kwa wembe. Mwanahistoria anayeitumia picha hiyo leo hana budi kusema ni mkato upi anaoutumia, maana mikato hiyo miwili haisimulii tukio moja.

Katika miaka hiyo hiyo ya vita uchapaji wa Kiafrika wa mlimani ulikuwa umenyamazishwa. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, magazeti ya Kikuyu yaliyokuwa na mwelekeo wa kisiasa yalipigwa marufuku, na miongoni mwa waliokamatwa mwezi huo alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji, mwana wa mchungaji wa Tumutumu, misheni ya Kanisa la Scotland iliyo karibu na Karatina. Baada ya miaka mingi ya kizuizini alirudi kwenye kazi yake, akaendesha Gakaara Press katika mji wa Karatina, akatoa jarida la Gikuyu na Mumbi pamoja na vitabu vidogo vya hadithi, na shajara aliyoiweka kizuizini, iliyochapishwa mwaka 1983, ikampatia Tuzo ya Noma ya mwaka 1984. Chapa ndogo ya mji wa soko huishi kwa kazi za kila siku, kama vitabu vya risiti, kadi za mwaliko na fomu za vyama vya ushirika vya kahawa, na katika uchumi wa namna hiyo bloku ya picha ni mali ya kudumu, inayohifadhiwa kabatini na kutumika tena kazi nyingine ikitokea. Sura ya mtu yule yule, yenye mkato ule ule, huonekana katika machapisho ya miaka tofauti kwa sababu bati lilikuwa moja.

Uchapaji wa ofseti, ambao hutumia bati jembamba lililopakwa dawa inayohisi mwanga badala ya herufi zilizoinuka, uliondoa bloku na uzito wake. Ukurasa sasa uliandaliwa kwa kubandika vipande vya karatasi juu ya karatasi ngumu, ukapigwa picha mzima, na filamu yake ikachomwa kwenye bati. Nafasi ya picha ilikatwa kwa wembe kutoka kwenye utando mwekundu ambao kamera iliuona kama mweusi, na ukishafika kwenye filamu eneo hilo likawa dirisha la kioo, ambamo filamu ya vidoti ilibandikwa kwa nyuma. Fundi mwenye mkono thabiti aliweza kukata dirisha la umbo lolote, hata la mlima wenyewe, na aliyeteleza alianza upya. Enzi hii ilidumu kwa muda mfupi kuliko ile ya risasi, na mafundi wake wengi waliishia kujifunza kompyuta wakiwa watu wazima.

Mageuzi yaliyofuata yana tarehe zinazojulikana. PageMaker ya kampuni ya Aldus ilitoka mwaka 1985, QuarkXPress mwaka 1987, CorelDRAW ya Ottawa, Kanada, mwaka 1989, na InDesign ya Adobe mwaka 1999, miaka mitano baada ya Adobe kuinunua Aldus. Programu hizo zilitofautiana katika jambo linalohusu mada hii moja kwa moja. PageMaker ya awali iliufuata mfano wa meza ya kubandikia: picha ililetwa, ikaelea juu ya ukurasa, na kifaa cha kukatia kikaziminya kingo zake. QuarkXPress ilidai kisanduku kwanza, chenye umbo la mstatili au la yai, na picha ikamiminwa ndani yake, kama vile chesi na nafasi ya bloku vilivyotangulia bloku yenyewe. InDesign ililichukua wazo hilo la pili na kulilainisha, na fremu yake tupu ya picha huonyeshwa kwa mistari miwili ya mshazari inayokatana. CorelDRAW, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi katika maduka ya chapa ya miji ya Kenya kwa kuwa duka moja hutengeneza mabango, mihuri, kadi na fulana, ina amri iitwayo PowerClip, ambayo humeza picha ndani ya umbo lolote lililochorwa, liwe herufi, ua au ramani ya kaunti.

Katika zote, picha inayoingizwa ndani ya fremu haikatwi. Sehemu isiyoonekana imefichwa tu nyuma ya ukingo, na mpangaji akibadili nia huifungua fremu, akaisogeza picha, akaifunga tena. Wembe wa ofseti haukuwa na rehema hiyo. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba faili inayotumwa kwa mtu mwingine ikiwa bado haijageuzwa kuwa chapa ya mwisho hubeba yote yaliyofichwa, akiwamo mume wa zamani aliyeondolewa pembeni mwa picha ya harusi, na yeyote mwenye programu hiyo anaweza kumrudisha kwa kubofya mara mbili.

Amri za kulinganisha picha na fremu huonekana nyingi, lakini kiini chake ni mbili. Ya kwanza huingiza picha yote ndani ya fremu bila kukata chochote na kukubali mapengo meupe pembeni, na ya pili huijaza fremu yote na kukubali kupoteza kingo. Ukurasa wa A5, ambao ni nusu ya A4 na ndio ukubwa wa kawaida wa vijitabu vya mazishi na vya harusi, una milimita 148 kwa 210. Picha ya simu iliyosimamishwa wima, yenye uwiano wa 3 kwa 4, ikiujaza ukurasa huo hufikia upana wa milimita 157.5, kwa hiyo hupoteza chini ya milimita 5 kila upande, na hakuna atakayelalamika. Picha ya filamu ya zamani, yenye uwiano wa 2 kwa 3, hupoteza milimita 12 za kimo. Lakini picha ya mlazo ya filamu hiyo hiyo, yenye vilele vya Mlima Kenya vya Batian na Nelion, ikijazwa ndani ya ukurasa huo uliosimama, hubakiza asilimia 47 tu ya upana wake, na mlima ambao wenyeji huuona ukienea kutoka Nyeri hadi Nanyuki hugeuka kuwa jino moja. Kalenda za vyama na za matatu zina mlima wa namna hiyo mwaka hadi mwaka.

Kijitabu cha mazishi ndicho chapisho lililoirithi desturi ya yai kwa uaminifu zaidi. Katika miji ya mlimani, kama Kenya nzima, familia hufika kwenye duka la chapa au saiba siku chache kabla ya maziko ikiwa na maelezo ya maisha ya marehemu, ratiba ya ibada na picha chache, na kwa mzee aliyezaliwa kabla ya uhuru picha pekee iliyo wazi mara nyingi ni ile ya kitambulisho. Hapo ndipo hesabu za zamani hurudi. Kwanza, picha hiyo ndogo ikiskaniwa kwa vidoti 300 kwa inchi kisha ikakuzwa mara nne ili ijaze yai la jalada, hubaki na vidoti 75 kwa inchi, ambavyo havitoshi, ilhali kuiskani kwa vidoti 1,200 tangu mwanzo hukaribia kuondoa tatizo hilo bila gharama yoyote ila dakika moja ya kungoja. Pili, amri ya kuweka katikati huiweka katikati picha, haiuweki katikati uso. Uso katika picha ya studio hukaa katika theluthi ya juu, kwa hiyo yai linalotii kompyuta huweka tai ya mzee, au mkufu wa mama, mahali ambapo macho yangekuwa, na kilemba chake hukatwa na mzingo wa juu. Disaina mwenye ujuzi huishusha picha ndani ya fremu kwa mkono hadi macho yakae juu kidogo ya nusu ya yai, na kazi hiyo ni ya sekunde tano.

Kosa la tatu ndilo jipya kabisa katika historia hii. Lenzi ya kamera ya bloku na mashine ya kukuzia ya chumba cha giza zilikuza upana na kimo kwa kiasi kilekile, kwa sababu mwanga haujui kufanya vingine, na fundi mbovu kuliko wote wa Mathari hakuweza kumnenepesha askofu hata kama angetaka. Kompyuta ilivitenga vipimo hivyo viwili na kuvipa kila kimoja kishikio chake, na mtu mwenye haraka, anayetazama pengo jeupe kando ya picha, huvuta kishikio cha ubavuni mpaka pengo lifungike. Sura zilizovutwa namna hiyo huonekana kwenye mabango ya uchaguzi, kwenye matangazo ya shule na, kwa masikitiko zaidi, kwenye majalada ya vijitabu vya mazishi, ambako jamaa hukaa kimya kwa heshima ingawa wote wameona kwamba huyo si baba yao. Mbinu ya kadibodi mbili na mstari wa mshazari iliwafundisha vijana wa 1933 kwamba pengo hufungwa kwa kukata au huachwa wazi. Somo hilo halikuhamishiwa kwenye mafunzo mengi ya kompyuta ya miezi mitatu, yanayofundisha mahali pa amri bila kufundisha sababu yake.

Vijitabu hivyo, ambavyo vina nasaba, shule, vyama na mashamba ya watu ambao hakuna kitabu kingine kitakachowataja, vimekuwa hifadhi kubwa ya historia ya familia za Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Meru, na picha zake ndizo zitakazotumiwa na wajukuu. Kwa hiyo familia inayopeleka kazi kwa mchapaji na ipeleke picha asili, si ile iliyopita kwenye WhatsApp na kupunguzwa njiani, idai kuonyeshwa jalada kabla nakala hazijapigwa, na baada ya maziko iombe picha nzima iliyoskaniwa, pamoja na zile sehemu zilizobaki nyuma ya fremu.